Pole ya Kiswahili na sorry ya Kiingereza si kitu kimoja

Jamani hili jambo nimekaa nalo muda, acha leo niliandike. Mimi niko mapokezi kwenye gesti moja huku Capri Point Mwanza, wageni wetu wengi wanakuja kuona mawe ya ziwani na kuvuka kwenda Saanane. Juzi mama mmoja wa kizungu kajikwaa ngazini, nikamkimbilia "sorry, sorry", akanijibu "it's not your fault", yaani siyo kosa lako. Nikaduwaa, mimi nampa pole yeye anadhani naomba msamaha.

Na kweli ukiangalia pole yetu inabeba vitu vingi mno. Aliyejikwaa pole, anayeumwa pole, aliyefiwa pole, aliyetoka Bukoba na meli usiku kucha pole na safari. Kiingereza kila tukio lina maneno yake. Mtu akijikwaa muulize "are you all right?", anaumwa mwambie "get well soon", katoka safari "how was your journey?", wao hapo wanauliza tu, sisi ndo tunatoa pole. Akifiwa sasa ndo sorry inarudi, "I'm sorry for your loss", na hapo hakuna atakayedhani umeua wewe. Pole na kazi usihangaike kuitafuta, haipo, msalimie tu mtu upite.

Karibu nayo hivyo hivyo. Uko zako unakula ugali na sato, mgeni anapita, unamwambia "welcome", anashangaa anakaribishwa wapi. Sema "would you like some?". Welcome iache ya mlangoni, na akikushukuru ndo unamjibu "you're welcome".

Kinachoniuma zaidi ni "give me". "Give me your passport", nimeisikia sana kaunta na anayeisema hana ubaya wowote, ila hata kwa Kiswahili mgeni huwezi kumwambia nipe pasipoti, unamwambia naomba pasipoti yako. Sasa hiyo naomba kwa Kiingereza ni "could I have your passport, please?", ni swali, na please usiiache.

Ingine ni kuazima. Sisi neno moja linaenda na kurudi, wao wanayo mawili: kitu kikitoka kwako ni lend, kikija kwako ni borrow. Kwahiyo "can I borrow your pen?" au "can you lend me your pen?", ile "borrow me" tuiache. Na giza likiingia ukikutana na mtu ni "good evening", good night ni ya kuagana.

Mi naona tatizo ni tulivyofundishwa, msingi tumesoma kwa Kiswahili, fomu wani ghafla kila kitu Kiingereza, tukakariri fotosinthesisi hadi mitihani ikaisha lakini hakuna aliyetuambia mtu akianguka mbele yako unasemaje, na hayo ndo maneno unayoyahitaji kila siku.

Mdogo wangu anauza dagaa Mwaloni pale Kirumba, jana kaniuliza shikamoo kwa Kiingereza ni nini maana kuna mzee wa kizungu anapita pale kila asubuhi na anaona aibu kumsalimia kama rika lake. Nimemwambia "good morning, sir" inatosha, ila asimame kwanza ndo amsalimie.