Kifafa Hudumu Dakika Ngapi?

Swali ambalo daktari haachi kuniuliza kila ninapohudhuria kliniki ni hili: safari hii kilidumu kwa muda gani? Nami, mwenye maradhi, ndiye mtu pekee katika nyumba yetu hapa Majengo asiyeweza kulijibu, kwa kuwa kifafa kikinishika hunipokonya fahamu kabla sijajua kwamba naanguka. Historia ya ugonjwa wangu imo vinywani mwa watu wengine, na vinywa hivyo, kwa mapenzi na kwa hofu, hutia chumvi. Mamangu husema nusu saa. Jirani aliyeitwa kwa kelele huapa kwamba kilianza kwa adhana ya alasiri na watu wakatoka msikitini kikiwa bado hakijaniachia.

Dada yangu ndiye aliyemaliza ubishi huo kwa kuitazama saa ya simu yake tangu nilipokakamaa hadi viungo vilipolegea: haikufika dakika mbili. Daktari hakushangaa. Alitueleza kwamba kifafa cha kuanguka na kutetemeka mwili mzima kwa kawaida huchukua dakika moja hadi tatu. Kwanza mwili hukaza kama ubao, mara nyingi kwa sekunde 10 hadi 20, na hapo ndipo pumzi hukwama na midomo hubadilika rangi. Kisha huja mitupo ya mikono na miguu, ambayo hupungua kasi kidogo kidogo mpaka ikakoma. Kifafa cha kuduwaa, ambacho walimu wengi hukidhania kuwa ni utovu wa usikivu darasani, hupita kwa sekunde chache tu, na mtoto huendelea na alichokuwa akikifanya pasipo kujua kwamba alitoweka. Kile kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, mtu akawa anatafunatafuna au anapapasa nguo zake huku hajibu anapoitwa, mara nyingi huisha ndani ya dakika mbili.

Naona ufupi huu ndio uliozipa sifa tiba zetu nyingi za barabarani. Kifafa kilichokuwa kikiisha chenyewe hukutwa na mtu mwenye kitunguu kilichokatwa, au kiatu cha kunusisha, au ndoo ya maji baridi, na mgonjwa anapofumbua macho sifa zote humwendea mwenye kitunguu. Hata mganga wa pepo akichelewa kidogo tu njiani huwasili wakati muafaka. Simdharau mtu kwa imani yake, lakini saa ya dada yangu imenifundisha kwamba nafuu ile ingekuja hata kama wote wangekaa kimya.

Kijiko ndicho kinachonikera kuliko vyote. Niliwahi kuanguka kwenye foleni ya feri, upande wa Likoni, na nikaja kuhadithiwa kwamba bwana mmoja alikwisha kupata kijiko kwa muuza chai na alikuwa akinipanua meno ili nisimeze ulimi. Ulimi haumezwi. Unaweza kuumwa ukatoka damu, hilo ni kweli, ila kijiko huvunja meno na huweza kuziba njia ya hewa. Aliyenifaa siku hiyo ni mama mmoja ambaye mpaka leo simjui: alivua leso yake moja, akaikunja, akaniwekea chini ya kichwa, akawakataza vijana wasinishike mikono, na mitupo ilipokoma akanilaza ubavu ili povu na mate yatoke nje. Mate hayo, nalisema kwa kuwa wapo waliorudi nyuma kwa kuyaogopa, hayaambukizi kifafa.

Jambo ambalo mama yule hakulifanya, na ambalo nawaomba watu wangu wasilisahau, ni kutazama saa. Mitupo ikipita dakika 5, au kifafa kimoja kikifuatwa na kingine kabla mtu hajarudiwa na fahamu, hiyo ni dharura, na tuktuk ama gari lolote lililo karibu liitwe mara moja, kwa sababu kadiri kinavyorefuka ndivyo kinavyokuwa kigumu kuzimwa, na kikifika dakika 30 ubongo huwa katika hatari ya kudhurika. Hospitalini zipo dawa za kukikatiza, kama vile diazepamu, inayoweza kutiwa kwenye mshipa au kupitia njia ya haja kubwa. Anayeanguka majini, mjamzito, aliyeumia, na anayeanguka kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hao wapelekwe bila kungoja dakika hizo.

Kinachodumu hasa ni kile kinachofuata. Dakika mbili za mitupo hunigharimu mchana mzima: kichwa kinauma, misuli inauma kama ya mpagazi wa bandarini, maneno yanapotea, na usingizi haukataliki. Wageni wanaokuja kunipa pole hunikuta nimeketi, wakadhani nimeshapona, wakanisemesha mambo nisiyoyakumbuka kesho yake.

Maisha mengine ni ya kujipangia. Mlango wa bafu siutii komeo, sufuria ya mafuta ya moto nampa dada, na pwani siingii majini peke yangu. Dawa yangu ni fenobabitali, ambayo imetumika kwa kifafa tangu mwaka 1912, nami huimeza usiku mara moja. Mwezi wa Ramadhani ulinitia wasiwasi zaidi kwa ajili ya usingizi kuliko kwa njaa, maana kukesha baada ya tarawehe na kuamka daku ni njia ya karibu ya kukiita kifafa. Kwa hiyo huonana na daktari kabla mwezi haujaandama, na akisema nisifunge, sifungi. Kuacha vidonge ghafla ni hatari kuliko yote, kwani ndiko kunakoweza kuleta kifafa kisichokatika. Zahanati ninayoitegemea huishiwa dawa mara kwa mara, basi sikubali pakiti yangu ibaki na vidonge vya wiki moja kabla sijaanza kutafuta nyingine madukani, hata ikinibidi kuvuka feri.