Ng'ombe wa mjomba na jicho la mama

Kwa miezi mingi niliamini mama yumo ndani ya SHA yetu, bima ya afya ya serikali ya Kenya. Mume wangu ni mlinzi hapa Kisumu, anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, yaani kwa shilingi 20,000 zinaondoka 550 kila mwezi. Nami hesabu yangu ilikuwa rahisi: mume, mimi, watoto, na mama yangu kule Luanda, Vihiga. Mpaka siku daktari aliposema mtoto wa jicho la kulia amekomaa, mama apasuliwe. Karani akatazama kompyuta yake, akaniuliza, "Na huyu mama analipiwa na nani?"

Hakuwa analipiwa na mtu. Mchango wa mwenye nyumba unabeba mke au mume wake na watoto. Mzazi hayumo. Hata enzi za NHIF, bima iliyotangulia SHA, ilikuwa hivyo hivyo, ila sikuwahi kuuliza.

Kilichonipumbaza ni zahanati. Pale kijijini mama hupimwa presha, hupewa dawa, anarudi nyumbani bila kutoa hata shilingi. Nikaona basi bima inafanya kazi. Kumbe ni mifuko tofauti. Zahanati na vituo vya afya, vile vya kiwango cha 2 na 3, hulipwa na hazina ya afya ya msingi, pesa za serikali, na mgonjwa anachotakiwa ni kuwa amejisajili. Ukishapanda kwenye hospitali za kiwango cha 4 hadi 6, hapo unaingia hazina ya bima, na hiyo haikujui kama hujachanga. Upo na mfuko wa tatu, wa dharura na magonjwa sugu, lakini jicho la mama halikuwa la huko.

Mtu asiye na payslip hupangiwa mchango kwa maswali. Nilikaa na mama jioni, simu mkononi, nikimsomea: paa la nini, ukuta wa nini, choo cha aina gani, mnapikia nini, mifugo mingapi. Tulikwama kwenye ng'ombe.

"Ng'ombe ni wa mjomba wako," akasema.

"Basi niandike hakuna."

"Uandike hakuna na anakula nyasi zangu? Andika yuko."

Tukaandika yuko. Ikatoka shilingi 410 kwa mwezi. Sijui ng'ombe aliongeza ngapi hapo, na mama hataki nilitaje jambo hilo. Chini ya 300 hakuna mtu anayeshuka, kwa hiyo hatukuumia sana. Kilichouma ni kwamba wa jua kali, wasio na mwajiri, hulipa mwaka mzima kwa mkupuo: 4,920. Mauzo yangu kwenye soko la Kibuye wiki hiyo yalikuwa mabaya. Nikamwomba mwenzangu anayeuza viatu tubadilishane zamu ya kupokea pesa za chama chetu, akakubali kabla sijamaliza kueleza.

Nikadhani tumemaliza. Hospitalini mama akaweka kidole kwenye mashine, mashine ikakataa. Akaweka kingine. Vidole vilivyopalilia mahindi tangu usichana havina mistari tena. Basi itumwe nambari ya siri kwa simu, nayo ikaenda kwa simu isiyo ya mama. Mwaka 2024, NHIF ilipokuwa ikifungwa na watu wakikimbilia kujisajili kabla ya tarehe 1 Oktoba, kijana wa saiba, duka la intaneti, alimwandikia mama kila kitu, na mahali pa simu akaweka yake. Nilimpigia kijana. Mteja hapatikani.

Nilimleta mama mpaka Huduma Centre, Kisumu, na kitambulisho chake, maana nambari haibadilishwi na mtoto kwa niaba ya mzazi. Njiani alinisumbua kwamba angepasuliwa Russia. Wazee bado huiita hivyo hospitali ya Jaramogi, kwa kuwa Warusi ndio waliosaidia kuijenga miaka ya 60. Nikamwambia hospitali tuliyoanza nayo inatosha. Kwenye foleni tulikaa kuanzia saa mbili hadi saa sita kasoro, lakini kazi yenyewe ilichukua dakika chache. Kabambe ya mama, kile kisimu cha vibonye, ikalia pale pale mkobani, na akashtuka.

Ukiwa na mzazi shambani, fungua simu yake leo uone ujumbe wa SHA unaingia kwa nani. Usingoje jicho.

Upasuaji wenyewe haukufika saa nzima. Kesho yake wakamtoa bandeji. Nyumbani alisimama uani akatazama huku na huku, kimya, mimi nikingoja aseme kitu cha kunitoa machozi.

"Huyu ng'ombe amekonda hivi tangu lini?"

Kisha akaniambia nimpigie mjomba aje amchukue, kabla mwaka wa mchango haujaisha na maswali kurudi.