Sun Kabla ya Elvis: Bluzi ya Memphis, 1950 hadi 1954

Historia ya kampuni ya santuri ya Sun husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilianza Julai 1954, Elvis Presley aliporekodi wimbo wake wa kwanza wa kuuzwa. Mimi naithamini zaidi miaka minne iliyotangulia, na naamini kwamba hata kama kijana yule asingeingia kamwe katika studio ile ndogo ya 706 Union Avenue, Memphis, studio hiyo bado ingestahili heshima inayopewa leo.

Sam Phillips, fundi mitambo na mtangazaji wa redio aliyezaliwa Alabama, aliifungua studio hiyo Januari 1950. Alirekodi harusi na mazishi ili apate kodi ya pango, lakini alichokitamani hasa ni sauti za wanamuziki weusi wa Memphis na wa Delta ya Mississippi, ambao katika mji uliotawaliwa na sheria za ubaguzi hawakuwa na mahali pengi pa kurekodi. Kwa kuwa hakuwa bado na lebo yake, yaani jina lake la kutolea santuri, kazi alizorekodi aliziuza kwa kampuni ya santuri ya Chess ya Chicago na kwa ndugu wa Bihari, wenye kampuni za santuri huko Los Angeles.

Machi 1951 bendi ya Ike Turner iliwasili kutoka Mississippi ikiwa na amplifaya iliyoharibika safarini. Fundi mwingine angeahirisha kazi. Phillips alijaza karatasi kwenye spika iliyopasuka, na gitaa la Willie Kizart likatoa mngurumo mzito wa kukwaruza ambao Phillips, badala ya kuuficha, aliuacha usikike waziwazi. Wimbo huo, "Rocket 88", ulioimbwa na Jackie Brenston na kutolewa na Chess, ulishika nafasi ya kwanza mwaka huohuo katika chati za Billboard za muziki wa Wamarekani weusi. Wengi huuita wimbo wa kwanza wa roki. Ubishi huo haunishughulishi sana, kwa maana kinachonivutia ni sikio la mtu aliyetambua kwamba kasoro ile ilikuwa na uhai ambao chombo kizima kisingeweza kuutoa.

Sikio hilohilo ndilo lililomsikia mwimbaji wa bluzi Howlin' Wolf, aliyekuwa na umri wa miaka 41 na kipindi chake redioni huko West Memphis, ng'ambo ya mto. "Moanin' at Midnight" huanza kwa mguno usio na maneno, kisha hamonika na gitaa kali la Willie Johnson huingia, na tangu hapo hadi mwisho wimbo haupungui nguvu. Wolf alitoa kazi nyingi kubwa baadaye akiwa Chicago, lakini kwangu hakuna iliyoipita hii kwa kutisha na kwa uzuri.

Lebo ya Sun yenyewe ilianza mwaka 1952. Wimbo wake wa kwanza kuvuma, "Bear Cat" wa mwaka 1953 wa Rufus Thomas, mtangazaji wa redio ya WDIA, uliujibu wimbo "Hound Dog" wa Big Mama Thornton waziwazi kiasi kwamba Phillips alishtakiwa kwa kuunakili na kushindwa. Mwaka huohuo mwimbaji Junior Parker alirekodi "Mystery Train", ulio taratibu na wa huzuni kuliko ule ambao Elvis aliurudia miaka miwili baadaye. Nikilazimishwa kuchagua mmoja tu, hata hivyo, nitachagua "Cotton Crop Blues" wa James Cotton, wa mwaka 1954: ni sauti ya mtu anayeapa kutolima pamba tena, na gitaa la Pat Hare linamjibu kwa ghadhabu ambayo hata leo haijachakaa.

Baada ya mafanikio ya Elvis, Phillips aliwageukia waimbaji weupe na karibu kuwaacha kabisa wale waliomjengea jina, jambo ambalo Thomas alilalamikia hadharani kwa miaka mingi, na kwa haki. Kufikia wakati huo Wolf alikuwa ameshahamia Chicago, na Parker alikuwa amejiunga na lebo ya Duke. Thomas alibaki Memphis, ambako mwaka 1960 yeye na binti yake Carla waliirekodia Satellite, lebo changa ambayo baadaye ilikuja kuitwa Stax.