Hori Si Kijito

Nahodha mmoja wa Tudor, Mombasa, mzee ninayemheshimu, aliniletea kikaratasi cha kuwatangazia wageni Wajerumani safari za mashua kwenye mikoko, akitaka nikikague kabla hakijapelekwa kuchapwa. Mstari wa kwanza uliwaahidi safari ndani ya "Bach", yaani kijito. Nilicheka, kisha nikaona haya, kwa kuwa aliyetafsiri neno "creek" la jina Tudor Creek alikuwa amefungua kamusi kweli, ila aliishia kwenye maana ya Kimarekani.

Kwa Mmarekani, "creek" ni kijito cha maji baridi, na hicho ndicho Bach hasa. Lakini ramani zetu zilipewa majina na Waingereza, ambao kwao neno lilo hilo ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, ukijaa na kupwa, yaani hori. Mgeni aliyeahidiwa Bach hutarajia maji ya kuvuka kwa kuruka, si maji yaliyohitaji Daraja la Nyali.

Nilipomweleza, mzee aliniuliza, "Sasa mwanangu, kijito gani hicho chenye chumvi na kaa?"

Neno la badala lilinisumbua jioni nzima. "Bucht" ni ghuba iliyo wazi, ilhali hori letu lina mlango mwembamba, kisha hupanuka ndani. "Fjord" huchongwa na barafu, na hapo zamu ya kucheka ingekuwa ya wageni. Lililonivuta zaidi ni "Priel", ambalo Wajerumani wa Bahari ya Kaskazini huita mifereji inayokata matope ya pwani, ikijaa na kupwa kama kwetu. Hata hivyo, Priel ni mfereji tu wa kwenye tope. Lingefaa kwa vile vijia vinavyojipenyeza kati ya mikoko, si kwa hori zima. Likabaki "Meeresarm", ambalo ukilifumua ni mkono wa bahari neno kwa neno, utadhani Mjerumani na Mswahili walikaa baraza moja.

Jina Tudor Creek sikuligusa, maana mgeni ataulizia njia kwa jina hilo. Nililifuatishia Meeresarm kama maelezo. Mzee aliridhika, ila akanirudisha kalamuni: niongeze kwa Kijerumani kwamba safari hufuata maji kujaa, kwani yakipwa, hasa siku za bamvua, mashua yake haiingii mikokoni.