Bibi katoka wodini, na neno kuhusu sindano

Wapendwa, bibi yuko nyumbani Nkuhungu na keshaanza kulalamika kuwa ugali wetu laini. Asanteni kwa maombi.

Ilikuwa nimonia kali, akaandikiwa seftriaksoni, antibiotiki ya kuchomwa, ile ya mshipa. Yule nesi nilimpenda. Kabla hajagusa kichupa: "Shikamoo bibi. Umewahi kuvimba au kutokwa vipele baada ya dawa yoyote? Penisilini je?" Akalinganisha jina na faili, akaangalia tarehe ya kuisha muda, akatikisa ile poda na maji ya sindano mpaka ikawa angavu, haina chembe. Dripu ya ringa aliifunga kwanza na kuusafisha mrija, kwa sababu ina kalsiamu, na seftriaksoni ikikutana na kalsiamu huganda. Kwa watoto wachanga hiyo imeshaua. Kisha akaisukuma taratibu, macho usoni kwa bibi.

Sasa jirani yetu anachomwa dawa hiyohiyo sebuleni, na kijana anayepita na mkoba, eti "UTI sugu" (Dodoma hii nani hana UTI?). Ile ya msuli huchanganywa na lignokeini, dawa ya ganzi, kupunguza maumivu. Mchanganyiko huo ukiingia mshipani, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Na mzio ukimpata pale kwenye kochi, adrenalini ya kumwokoa anayo nani?

Nimemwambia jirani aende kituo cha afya, mkojo ukaoteshwe maabara kwanza ijulikane ni mdudu gani na dawa gani inamuua. Kaninunia.