Kufuli geni mlangoni

Jumanne narudi kutoka soko la samaki la Mwaloni na sato wangu wawili kwenye mfuko, nakuta kufuli geni mlangoni. Nililipa kodi ya miezi sita, bado miwili! Mzee mwenye nyumba kapata mpangaji wa bei ya juu, basi. Vyombo vyangu viko ndani, samaki wanaanza kunuka, majirani zangu wa hapa Bugarika, Mwanza, wamekaa juu ya mawe wanatazama sinema ya bure.

Sikugombana. Nikamwita mwenyekiti wa mtaa, nikamwonyesha mkataba na risiti niliyoificha kwenye kava la simu (imekunjika hadi wino umefifia, ila tarehe inasomeka). Akamgeukia mwenye nyumba: "Mzee wangu, kama una madai naye, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kumfungia mtu nje si kazi yako." Kufuli likatoka saa tatu usiku.

Kwenye kupandishiwa kodi ndiyo tumeachwa peke yetu, maana ile sheria ya 1984 iliyokuwa inadhibiti kodi ilifutwa 2005. Mkataba wangu nimeshaupiga picha, nimemtumia na dada.

Sato? Waliliwa na paka.