Bamvua, simenti na kisu cha mkate: siku moja ya fundi wa matangi ya samaki

Saa 11 alfajiri

Adhana imekwisha na mimi nimo majini hadi magotini, ufuoni Nyali, nakinga mtungi wa lita 20. Mwezi ulipevuka juzi, kwa hiyo bamvua limekolea, na bamvua la Mombasa ukishalizoea halikupi tabu: bahari hujaa alfajiri na jioni, na karibu na saa 5 mchana inakauka hadi watu wanatembea juu ya mwamba. Mimi nayataka maji yanayojaa, kwa sababu yanatoka nje ya mwamba, baharini kwenyewe. Yakianza kupwa yanaburura uchafu wote wa ufuoni. Maji ya hori la Tudor siyagusi kabisa. Mvua ikinyesha kidogo tu chumvi inashuka, na hapo sijataja mitaro. Kipimo cha chumvi, kile cha kuelea, kinasoma 1.025. Safi.

Mitungi sita. Dereva wa tuk-tuk anatutazama mimi na mpwa wangu kwa jicho la pembeni, kama kila mara. Kwa kawaida anayechota maji ya bahari saa hizi ni mtu wa kwenda kuoga nuksi. Nimeshamweleza kwamba nina tangi la samaki nyumbani na maji yake hubadilishwa. "Sawa fundi," hunijibu, na uso wake haubadiliki.

Saa 1 asubuhi

Karakana yangu iko Kisauni, nyuma ya nyumba, chini ya mabati. Kabla ya mahamri na mbaazi kuna jambo moja la kuamua, nalo linaamua siku nzima.

Mimi ni fundi wa vioo. Matangi ya samaki nilianza kuyajenga kwa sababu vioo vilibaki, na kuta za ndani ya matangi nilianza kuzitengeneza kwa sababu mteja alichoka kuona waya na mabomba nyuma ya samaki wake. Ukuta ni sura ya mwamba unayoisimamisha upande wa nyuma wa tangi: mashimo, vishubaka, vijukwaa vya kuwekea matumbawe. Ndani ni povu jeupe jepesi, lile linalokuja kwenye maboksi ya friji. Nje ni simenti.

Simenti ndiyo shida. Ikiwa mbichi hutoa chokaa majini, na pH ya maji hayo, yaani kipimo cha asidi na alkali, hupanda hata kupita 12, wakati bahari yenyewe iko 8.2 hivi. Samaki hawezi kuishi humo. Kwa hiyo ukuta unalowekwa wiki nyingi, maji yanamwagwa na kutiwa mapya, tena na tena. Huu wa leo, wa tangi la mkahawa mmoja, umelowa wiki sita. Jana usiku nilijaza ndoo mbili maji ya bahari. Moja nikaiacha hivyo, ya pili nikatia donge la majaribio, lililotokana na karai moja na ukuta na kulowekwa nao. Asubuhi hii ndoo isiyo na donge inasoma 8.2. Ya donge 8.3.

Wiki mbili zilizopita ilisoma 8.9, na nilimpigia mwenye mkahawa kumwambia bado. Hakufurahi. Leo nampigia kumwambia tunakuja saa 8. Sasa mahamri.

Saa 2 hadi saa 6

Kazi tamu ya siku ni hii, ya ukuta mwingine, wa mteja mwingine, ambao bado ni povu tupu.

Nimeunganisha mabamba ya povu kwa silikoni, yakapandana kama ngazi iliyovunjika. Kuchonga natumia kisu cha mkate. Nimewahi kununua visu vya kazi, nikajaribu na msumeno mdogo, lakini hakuna kinachokata povu kama kile kisu kirefu chenye meno ambacho, kusema kweli, si changu. Nikishapata umbo natia brashi ya waya kukwangua ule ulaini wa kiwandani, kisha napitisha sumaku kila mahali, maana nyuzi za brashi hukatika zikabaki ndani zikaota kutu. Wengine hulichoma povu kwa moto ili lijikunje. Linapendeza, ila moshi wake si wa mtu mwenye mapafu, na mpwa wangu bado mdogo.

Mfano wangu ni jabali la pwani yetu lililoliwa na mawimbi kwa chini, likaacha dari juu. Hilo ndilo namfunza mpwa: usichonge mawe, chonga kivuli. Shimo lipasalo kuonekana lina kina cha sentimita 4 linatakiwa uchonge 6, kwani simenti italijaza. Upande wa kulia namwachia mkunga, yule samaki kama nyoka, pango. Mteja hajasema atafuga mkunga, lakini huwa wanasema baadaye.

"Mjomba, si tungechukua matumbawe ya kweli tu? Yamejaa kule."

Nimemjibu hili zaidi ya mara moja. Kukata matumbawe ni kuvunja sheria, na matumbawe magumu yamo hata kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa mataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Lakini hata kama sheria isingekuwapo: ukuta wa mita moja na nusu wa mawe ya kweli ungepasua sakafu ya tangi kwa uzito.

Saa 4 na nusu tunakoroga. Tabaka la kwanza ni jepesi kama uji, liingie kila kitundu. La pili zito zaidi, na mchanga ndani. La tatu lina rangi ya oksaidi ya chuma, manjano kidogo na nyeusi kidogo, kwenye karai moja lakini bila kuchanganya sana, ili ukuta usiwe na rangi moja kama kaburi. Leo tunapaka la kwanza tu. Ile rangi ya zambarau ambayo kila mteja anaitaka siipaki kamwe. Mwani wa chokaa utaileta wenyewe, bure, baada ya miezi, na zambarau ya kopo ikikaa karibu nayo inaonekana kama rangi ya kucha.

Nikikoroga simenti huwa nawaza jambo moja, sijui kama mafundi wengine huliwaza. Simenti ya Bamburi, kiwanda kilichoanza 1954, hutokana na mawe ya matumbawe ya kale, mwamba uliokuwa chini ya bahari kabla bahari haijarudi nyuma. Mtoto yeyote wa Mombasa aliyepelekwa na shule Haller Park amesimama ndani ya shimo walilochimba mawe hayo, sasa likiwa na mivinje na twiga. Kwa hiyo mwamba ulisagwa, ukachomwa, ukatiwa mfukoni, na mimi hapa naurudisha kuwa mwamba kwa mwiko.

Kitu cha mwisho ni chumvi ya mawe, ile ya Gongoni. Kwenye tabaka la juu likiwa bado bichi unairushia chembe kubwa kubwa na kuzigandamiza kwa kiganja. Ukuta ukilowekwa chumvi inayeyuka, na pale ilipokuwa panabaki vitundu. Hiyo ni kesho. Leo tumefunika gunia bichi tukaondoka, kwa sababu simenti ikikaushwa haraka na joto la mchana hufanya nyufa.

Saa 7

Swala, wali na samaki, dakika ishirini za kulala juu ya mkeka.

Saa 8 mchana

Mkahawa uko barabara ya ufuoni. Tangi ni sentimita 180 kwa 60 kwa 60, lita 600 na kitu. Ukuta nimeugawa vipande vitatu, maana juu ya tangi kuna mikanda ya kioo inayolizuia lisivimbe, na kipande kirefu hakipiti hapo hata ukiomba dua.

Mwenye mkahawa, mzee wa heshima zake, anatukuta tukifuta kioo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fundi, Ijumaa nina harusi hapa. Leo jioni tutie maji, samaki waje kesho."

Leo ni Jumanne. Nimekaa naye chini nikamweleza kwa hesabu. Kila kipande kina lita 24 hivi za povu, na povu majini linataka kupanda. Ukitoa uzito wa simenti, kila kimoja kitasukuma juu kwa nguvu ya karibu kilo 20. Vitatu ni 60. Kinachovizuia ni silikoni peke yake, nayo katikati ya povu na kioo hukauka polepole kwa sababu haipati hewa. Wiki moja, mzee. Nikamwambia na la kwangu: ukuta wangu wa kwanza, nyumbani, niliutilia maji siku ya pili. Saa 8 usiku tulisikia mlio, na nilipowasha taa ukuta ulikuwa umeelea kifudifudi kama mtumbwi.

Akacheka. "Basi bibi harusi atatazama mawe makavu."

"Yatawashwa taa, mzee."

Silikoni ninayotumia ni ile inayonuka siki, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ya bafuni ina dawa hiyo, na dawa hiyo ni sumu. Vilevile hakuna skrubu ya shaba wala waya wa shaba popote. Shaba kidogo tu majini na kamba, kaa na konokono wote wamekwenda. Kipande cha kwanza kikaingia. Cha pili kikaingia. Kwenye kona ya kushoto tumeacha nafasi nyuma ya ukuta kwa pampu, na vitundu chini na juu ili maji yapite. Ukuta uliozibwa kabisa hukusanya kinyesi nyuma yake, na siku moja tangi zima linanuka yai bovu.

Kipande cha tatu kikagoma.

Tukakigeuza, tukakilaza, tukakiinua. Nafasi chini ya mkanda ni sentimita 58. Nilikata povu 57. Nikapima tena: 58 na milimita 4. Mpwa wangu aliyepaka ukingo wa kile kipande alitia mkono mzito, nami sikupima baada ya tabaka la mwisho, kwa hiyo lawama ni yangu, na nilimwambia hivyo kwa sababu alikuwa ameanza kutazama viatu vyake. Saa nzima tumekaa nje na tupa, vumbi likitukaa nyusini, tunakwangua ukingo wa juu. Kile kijukwaa nilichokipenda kuliko vyote kikavunjika kona. Pale povu lilipotokeza nikaziba kwa silikoni na kugandamiza mchanga juu yake. Kikaingia kwa kusugua, kikalia kidogo, kikatulia.

Tumeviegemezea mbao zilizofungwa vitambaa hadi silikoni ishike. Nilipoondoka mhudumu mmoja alikuwa tayari ametuma picha kwa mtu.

Saa 2 usiku

Nimebadilisha maji ya tangi la nyumbani, nimerudi chini ya mabati kulowesha lile gunia. Ukuta wa nyumbani, wa pili, ule ambao haukuelea, una miaka minne. Zambarau imeupanda hadi juu na pale nilipokosea kuchonga hapaonekani tena.

"Baba watoto," sauti kutoka jikoni, "kisu cha mkate kiko wapi?"

Kiko mkononi mwangu, kina simenti hadi kwenye mpini.